Moyo Ukiugua, Ubongo Hulia Njaa



Mwezi huu tunaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe katika umoja wetu wa akina mama, jambo ambalo bado linatuuma. Mhusika tumemwomba ruhusa, naye amekubali tulisimulie ili liwasaidie wengine. Jina lake tutaliacha.

Kwa miaka 11 mama huyu alikuwa mweka hazina wetu. Alijua kwa kichwa nani amelipa ada, nani anadaiwa, na sufuria kubwa za umoja ziko nyumbani kwa nani. Kisha hesabu zikaanza kupinda. Mara mchango wa msiba umeandikwa mara mbili, mara fedha za mahindi hazikuandikwa kabisa. Ukimuuliza swali, alikaa kimya kwa muda kabla ya kujibu. Akaanza kutembea kwa hatua fupi fupi. Yeye aliyekuwa mcheshi akawa mzito wa kusema, na wengine wakasema anaringa. Minong'ono ikaanza: "Hizi fedha zinakwenda wapi?" Baada ya kama miaka 2 ya hali hiyo, kamati ikapanga kikao cha kumwondoa. Tunakiri mbele yenu kwamba sisi tuliosomea uuguzi tulikuwa ndani ya kamati hiyo, na hatukusema neno.

Wiki moja kabla ya kikao tulikuwa kwenye maandalizi ya harusi. Kikombe cha chai kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakatoka kama ya mtu aliyelewa. Tulipokuwa bado tunahangaika kutafuta gari, kama dakika 15 hivi, akarudi katika hali yake. Akacheka, akaomba kikombe kingine. Wenzetu wakashukuru, wakasema ni uchovu tu, apelekwe nyumbani apumzike.

Hapo ndipo tulipomshika mkono na kutafuta mapigo. Hayakuwa na mpangilio. Yalikwenda haraka, yakakosekana, yakaja mawili kwa pamoja. Tulipompima presha ilikuwa 190 kwa 110. Hatukukubali aende nyumbani.

Kwa nini tulikataa, ilhali mgonjwa alikuwa ameketi anacheka? Na je, mapigo ya moyo yana uhusiano gani na daftari la hesabu? Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Wengi wetu tumezoea kuona moyo ni ugonjwa wa kifuani na akili ni jambo la kichwani. Ukweli ni kwamba ubongo unaishi kwa kutegemea moyo na mishipa ya damu, dakika kwa dakika.

UBONGO HAUNA GHALA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, yaani karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini mtu akiwa amepumzika, ubongo huo mdogo huchukua kama asilimia 15 hadi 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila dakika hupitisha karibu robo tatu ya lita.

Kwa nini unahitaji damu nyingi kiasi hicho? Kwa sababu hauna ghala. Misuli inaweza kujiwekea akiba kidogo ya chakula, na mafuta ya mwilini ni akiba ya siku nyingi. Ubongo ni kama jiko linalopikia watu wengi lakini halina stoo. Kila kinachopikwa kinaletwa saa hiyo hiyo. Hewa safi ya oksijeni na sukari huja na damu, na damu ikikoma, jiko linazima. Damu ikisimama kabisa, mtu hupoteza fahamu kwa sekunde 10 hivi. Baada ya dakika chache, seli za ubongo huanza kufa.

Wataalamu wamepima mtiririko huu. Katika hali ya kawaida, kila gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Ukishuka hadi karibu mililita 20, seli hunyamaza: mkono haunyanyuki, ulimi hausemi, ingawa seli zenyewe bado ni hai. Ukishuka chini ya mililita 10, seli hufa. Tafadhali shikeni tofauti hii ya kunyamaza na kufa. Seli iliyonyamaza inaweza kuamka damu ikirudi upesi. Iliyokufa haifufuki kwa dawa yoyote.

BARABARA NNE NA MZUNGUKO MMOJA

Damu hupanda kichwani kwa njia ya mishipa mikubwa minne. Miwili hupita mbele ya shingo, kulia na kushoto. Ukigusa taratibu pembeni ya koo utausikia mmoja wake ukidunda. Mingine miwili hupita nyuma, ndani ya mifupa ya uti wa shingo. Chini ya ubongo mishipa hii hukutana na kuunganishwa kwa mzunguko, mithili ya barabara zinazoingia katika kipilefti cha mjini. Daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliueleza vizuri mzunguko huo katika kitabu chake cha mwaka 1664, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Faida yake ni kwamba barabara moja ikiziba polepole, damu inaweza kuzungukia upande wa pili. Lakini si kila mtu amezaliwa na mzunguko uliokamilika, na ng'ambo ya mzunguko huo mishipa hugawanyika kuwa midogo mno, ambayo mingi haina njia ya pembeni.

Kutoka hapa tunaweza kuona njia tatu ambazo ugonjwa wa moyo na mishipa hupunguza damu ya ubongo.

1. Njia ikiziba. Kwa miaka mingi mafuta ya lehemu hujishika kwenye ukuta wa ndani wa mshipa, hasa pale unapogawanyika shingoni. Presha ya juu, kisukari, sigara na lehemu nyingi katika damu huharakisha jambo hilo. Ukuta huwa mgumu na njia huwa nyembamba. Siku moja utando ule hupasuka, damu huganda juu yake, na kipande humeguka na kupanda hadi kwenye mshipa mdogo wa kichwani. Ni mshipa ule ule wa ugonjwa, awe mtu anaumwa kifua kwa moyo kukosa damu au anapooza upande mmoja.

2. Pampu ikiharibika. Moyo uliochoka hausukumi damu ya kutosha. Mgonjwa huvimba miguu, hukosa pumzi akilala chali, na watu wa nyumbani husema pia kwamba siku hizi hasikilizi, anasahau, amepotea mawazo. Zaidi ya hapo, kuna moyo unaopiga bila mpangilio kama wa mama yetu. Vyumba vya juu vya moyo, badala ya kukamua damu, hutetemeka tu. Damu iliyotuama kwenye pembe huganda, kama maziwa yaliyoachwa kwenye kibuyu. Donge likitoka, moja ya njia zake za kwanza ni kupanda kichwani. Utafiti mashuhuri wa mji wa Framingham huko Marekani ulionyesha mwaka 1991 kwamba wenye mapigo ya namna hii hupata kiharusi karibu mara 5 zaidi ya wengine.

3. Vijito vikikauka. Hii ndiyo isiyoonekana. Presha ya juu ikipiga miaka nenda miaka rudi, kuta za mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo hunenepa na kukakamaa. Mmoja huziba leo, mwingine mwaka kesho. Kila kimoja huua sehemu ndogo, pengine ya ukubwa wa punje ya maharage au chini ya hapo. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu, basi mgonjwa hasikii lolote. Lakini nyaya zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine zinakatika kimya kimya. Matokeo yake ni mtu anayefikiri polepole, anayeshindwa kupanga mambo, anayepoteza hamu ya mazungumzo, na hatua zake zinakuwa fupi.

Je, mnamwona sasa mweka hazina wetu? Hospitali ya mkoa ilimpiga picha ya CT ya kichwa. Hakukuwa na damu iliyovuja, lakini palikuwa na alama ndogo ndogo za zamani, nyingi. Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha mapigo yasiyo na mpangilio. Alikuwa na njia ya pili na ya tatu kwa pamoja. Miaka 6 nyuma aliambiwa ana presha, akameza vidonge mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaviacha.

"IMEPITA" SI "IMEPONA"

Sasa turudi kwenye zile dakika 15. Kilichompata ni kiharusi cha kupita. Donge liliziba mshipa, seli zikanyamaza, kisha donge likayeyuka au likasogea kabla seli hazijafa. Nyumba nyingi huishia hapo kwa kusema, "Basi, imepita." Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

Utafiti uliofanyika California, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia watu waliopata kiharusi cha kupita. Kama mmoja kati ya kila 10 alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao walikipata ndani ya siku 2 za kwanza. Lakini kuna habari njema pia. Huko Oxford, Uingereza, utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo wakichunguzwa na kuanzishiwa dawa haraka, badala ya kusubiri siku nyingi, hatari hiyo inapungua kwa kama asilimia 80. Ndiyo maana tulikataa mama yule asipelekwe nyumbani kupumzika. Saa zile za kicheko ndizo zilizokuwa saa za kumwokoa.

Na msidhani haya ni magonjwa ya Ulaya. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata kama watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam zaidi ya 300. Nchi nyingi tajiri hazina kiwango kikubwa cha namna hiyo. Presha isiyotibiwa ina sehemu kubwa katika jambo hili.

UKIONA HAYA, USINGOJE

Tazama USO: mwambie atabasamu, je, upande mmoja umeshuka? Tazama MIKONO: mwambie anyanyue yote miwili, je, mmoja unaanguka? Sikiliza MANENO: mwambie aseme sentensi fupi, je, anababaika au haelewi? Likionekana hata moja, WAKATI ni sasa. Angalia saa, kwa maana daktari atakuuliza, "Ilianza lini?" Mengine ni kutoona ghafla, kuyumba ghafla, au kichwa kuuma vibaya mno kwa ghafla kuliko ilivyowahi kutokea.

Mpeleke hospitali, hata kama hali imerudi. Katika kiharusi kikubwa cha kuziba mshipa inakadiriwa kwamba seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge, mahali inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Wakati mnangoja gari, yako mambo ya kuepuka:

Usimpe chakula, maji wala chai. Koo huweza kuwa limepooza, na chai ikaingia mapafuni. Akiwa amelegea, mlaze ubavu.

Usimpe aspirini kwa kujiamulia. Viharusi vingine ni vya mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Picha ya kichwa ndiyo inayotofautisha.

Usimpe vidonge vya presha vya jirani ili "kuishusha haraka". Mishipa ya ubongo ina uwezo wa kutanuka na kujibana ili damu isipungue wala kuzidi. Kwa mtu aliyekaa na presha ya juu kwa miaka, mishipa imezoea hali hiyo. Ukiishusha ghafla, damu inaweza kushindwa kufika pale palipo na shida. Waachie wenye vipimo.

Usimchanje, usimchome vidole kwa sindano, na msimweke chumbani mkingoja baba mwenye nyumba arudi kutoka safari ndipo mkate shauri. Maombi yafanyike ndani ya gari, likiwa njiani.

SISI AKINA MAMA HASA

Kuna mambo yanayotuhusu kwa namna ya pekee. Mama aliyewahi kupata presha ya mimba au kifafa cha mimba ana hatari kubwa zaidi, miaka ya mbele, ya kupata presha ya kudumu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Wengi tulijifungua salama tukasahau. Ukimwona daktari kwa jambo lolote, mwambie habari hiyo, na upime presha walau mara moja kila mwaka hata kama unajisikia mzima.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni havimfai mama mwenye presha ya juu. Usiache tu ukakaa bila kinga, bali nenda kliniki ya uzazi wa mpango ukabadilishiwe, kwani njia nyingine zipo.

Tena kuna watoto wetu. Mafindofindo yanayosababishwa na vijidudu fulani, yasipotibiwa vizuri, huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo. Mtoto huyo akiwa msichana wa miaka 20 na kitu, moyo huanza kupiga bila mpangilio na kutengeneza madonge. Ndiyo maana katika nchi zetu tunaona viharusi kwa vijana, na mara nyingine vinaanza wakati wa ujauzito. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe zahanati, na akipewa dawa amalize dozi yote. Aliyekwisha kuambiwa ana moyo wa baridi yabisi asikose sindano yake ya penisilini ya kila mwezi, au kila wiki 3 kama alivyopangiwa.

KAZI ZA NYUMBANI

Kwanza, jifunze kushika mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, 60 hadi 100 ni kawaida. La maana zaidi ni mpangilio: je, yanakwenda sawasawa kama saa ya ukutani, au yanajikwaa jikwaa? Mapigo yasiyo na mpangilio kabisa yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Anza leo na baba, na bibi, na wewe mwenyewe.

Pili, pima presha. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kurudi hivyo hivyo siku nyingine, inahitaji kutazamwa na mtaalamu. Presha kwa kawaida haina maumivu, kwa hiyo usingoje kichwa kiume.

Tatu, vidonge vya presha ni vya kila siku. Ukijisikia vizuri, ni dawa inafanya kazi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache, asiiongeze, na asichanganye na dawa nyingine bila kuuliza. Anayepewa warfarini ahudhurie kipimo cha damu kama alivyopangiwa.

Nne, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na iliyojificha kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti, samaki wa chumvi na chipsi. Magadi nayo yana sodiamu ile ile iliyo ndani ya chumvi, hivyo maharage yalowekwe usiku badala ya kulainishwa kwa magadi. Sigara na ugoro viachwe, na pombe pia. Tembeeni kwa miguu kila siku.

Je, juhudi hizi zinalinda kweli akili, au tunafarijiana tu? Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 326 vya China, ukihusisha watu karibu 34,000 wenye presha isiyodhibitiwa. Katika vijiji vya kundi moja, wahudumu wa afya wa kijijini, ambao si madaktari waliosomea chuo kikuu, waliwasimamia watu presha zao kwa ukaribu kwa miaka 4. Katika vijiji hivyo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili ulipungua kwa asilimia 15 kuliko vijiji vingine. Fikirini, akina mama: kipimo cha mkono, vidonge vya bei nafuu na mtu wa kufuatilia. Hivyo vyote umoja wa akina mama unaweza kuvisaidia.

TULIPOFUNGUA KITABU CHA BENKI

Mama yetu alilazwa siku 6. Aliporudi alikuwa na dawa ya presha na dawa ya kuzuia damu kuganda. Huu ni mwaka wa tatu, na kiharusi kamili hakijampata. Hatutawadanganya kwamba kila kitu kimerudi. Sehemu zilizokufa zimekufa. Hesabu ndefu bado zinamshinda, na bado hutembea polepole. Lakini hali yake haijazidi kushuka kama ilivyokuwa ikishuka, na watoto wake wanasema ameanza tena kuwatania.

Na kile kikao? Kabla ya kukifuta tuliona haki kulinganisha daftari lake na kitabu cha benki. Tulikaa jioni nzima na taa. Fedha zote alizopokea alikuwa amezipeleka benki. Haikupotea hata shilingi moja. Kilichopotea kilikuwa kwenye maandishi tu, na kwenye macho yetu sisi.

Tulikwenda nyumbani kwake watu 9, tukamwomba radhi. Alitusikiliza, akakaa kimya kwa muda kama ilivyo kawaida yake siku hizi, kisha akasema, "Nilijua kuna kitu kinaniponyoka, dada zangu, ila niliogopa kusema. Nilidhani mtaniita mwizi." Hakuna aliyepata jibu, maana ndivyo tulivyokuwa tumemwita.

Leo ufunguo wa sanduku uko kwake, na mwenzake kijana ndiye anayeandika. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya michango kukusanywa, tunapimana presha na kushikana mapigo. Tunamwanza yeye.

Basi, mwenzangu, kabla hujasema mama mkwe amekuwa mkaidi, au baba siku hizi hana habari na watu wake, au jirani anaringa, mshike mkono kwanza, uhesabu dakika nzima.

Tukutane mwezi ujao.